Maswali ya Wasomaji: Korido ya Daredevil, Pafu la Wakili na Ngumi za Baba

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: sehemu ya 2 ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Daredevil, ile iitwayo "Cut Man". Msimu huo ulitoka Netflix tarehe 10 Aprili 2015, sehemu zote 13 kwa mpigo. Huku kwetu Netflix ilifunguliwa rasmi Januari 2016, na tangu Machi 2022 tamthilia imehamia Disney+. Wapya wanaianza kila siku, na wengi wao hukwama kwa furaha au kwa hasira kwenye sehemu hii ya pili.

Kwa ambaye hajaitazama: Matt Murdock ni wakili asiyeona wa New York ambaye usiku hujifunga kitambaa cheusi usoni na kupambana na wahalifu; huyo ndiye Daredevil. Sehemu hii inaanza akiwa ndani ya pipa kubwa la taka, hoi. Alikwenda kumwokoa mtoto aliyetekwa na Warusi, kumbe ni mtego. Nesi aitwaye Claire Temple anamwingiza ndani na kumtibu kwa siri. Katikati tunarudishwa utotoni mwa Matt, alipoishi na baba yake, bondia Jack Murdock. Mwishoni anamrudia yule mtoto, na hapo ndipo kwenye pambano la korido linalozungumzwa mpaka leo. Majibu yetu yanafichua mambo, kwa hiyo asiyependa kujua mapema aitazame kwanza.

Ndugu wahariri, nimekuwa mpenzi wa muvi za mapigano kwa miaka mingi. Hii nimeitazama kwa sababu ya sifa, nikasikitika. Stelingi anapigwa, anaegemea ukuta kupumua, na maadui aliowaangusha wanainuka tena. Stelingi gani huyo? – Msomaji, Temeke

Ndugu yetu wa Temeke, hicho unachokihesabu kuwa kasoro ndicho kilichobeba sehemu nzima. Rudi nyuma kidogo. Claire anamtajia Matt majeraha yake: mbavu mbili tatu zimevunjika, kichwa kimetikisika, ana tundu la kuchomwa, na hayo ni yale tu aliyoyaona bila vipimo. Mtu huyo huyo akiingia kwenye korido usiku huohuo na kuwamaliza watu bila kutoa jasho, kila alichofanya nesi kitakuwa bure, nasi tutakuwa tumedanganywa.

Itazame tena, ila safari hii mfuate mtu mmoja tu kati ya maadui. Chagua wa kwanza kuanguka. Utamwona anapigwa, anakwenda chini, anatulia, anajizoazoa, anarudi kwa nyuma. Ndivyo mwili ulivyo. Ngumi inayomzimisha mtu ni ile inayokizungusha kichwa ghafla, mara nyingi kwa kupitia kidevuni. Inayotua begani, mbavuni au kwenye paji la uso huuma tu, na mwenye kuumwa huinuka. Muvi nyingi zimetuzoesha adui wa ngumi moja, na tukishazoea hivyo tunaona ajabu tukionyeshwa mtu wa kweli.

Halafu tazama mikono ya Matt. Mwanzoni ngumi zake ni fupi na zimenyooka. Kuelekea mwisho anarusha mwili mzima pamoja na mkono, kwa sababu mkono peke yake hauna nguvu tena. Mabondia wa raundi za mwisho hupigana vivyo hivyo, na baba yake alikuwa bondia wa kupokea vipigo na kuinuka. Waandishi hawakuweka kisa cha baba na kisa cha korido katika sehemu moja kwa bahati mbaya.

Habari zenu. Tuko wanafunzi sita wa chuo cha filamu, tunataka kupiga pambano la korido bila kukata, kwa simu. Wale walifanyaje, na sisi wa mfuko mdogo tufanyeje? – Wanafunzi, Nairobi

Vijana, tuanze na wenyewe. Mwongozaji wa sehemu hii ni Phil Abraham, mwandishi Drew Goddard, na aliyeyapanga mapigano ni Philip J. Silvera. Charlie Cox anayemwigiza Matt alikuwa na mbadala wake wa mapigano, Chris Brewster, na humo koridoni wanapokezana huku kamera ikiendelea kuzunguka kwa takriban dakika tatu.

Siri iko kwenye vyumba vya pembeni. Matt anaingia mlangoni, kamera inabaki koridoni, tunasikia vishindo, kisha mlango unapasuka na mtu anarushwa nje. Kuna mahali tanuri la maikrowevu linatoka likiruka na kumpiga mtu. Kila wakati ambao hatuoni kitu, kule ndani kuna kazi: mmoja anatoka mwingine anaingia, damu inaongezwa, mtu anavuta pumzi. Kwa hiyo msitafute korido ndefu nzuri, tafuteni korido yenye milango. Miwili inatosha. Upana uwe kati ya mita 1.5 na 2. Ikiwa chini ya mita 1.2 mshika kamera hawezi kuwapita wapiganaji, na atawagonga.

Gaweni pambano katika vipande vya sekunde 15 hadi 20, na kila kipande kiishie mtu akipotea chumbani au akitoka chumbani. Fanyeni kipande kimoja kwa nusu ya mwendo bila kamera mpaka kila mtu ajue mguu wake uko wapi. Kisha ongezeni kamera, bado kwa nusu mwendo. Kisha robo tatu. Msiunganishe vipande viwili kabla kila kimoja hakijakaa chenyewe. Kwa dakika tatu jipangieni siku nne au tano za mazoezi na siku moja ya kupiga. Wanaogeuza hesabu hiyo ndio wanaovunjana pua.

Ngumi ya filamu haigusi. Inapita kama sentimita 15 hadi 20 mbele ya uso, na kinachomdanganya mtazamaji ni pembe: kamera iwe nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi ionekane ikikatiza uso wa mwenzake. Ukiipiga kutoka ubavuni, pengo linaonekana waziwazi. Hapa ndipo wengi wanaharibikiwa katika picha isiyokatwa. Pembe ilikuwa sahihi kwenye mazoezi, siku ya kupiga mshika kamera amechelewa nusu mita, na ngumi tatu mfululizo zinaonekana za hewani. Mshika kamera mhesabuni kama mpiganaji, afanye mazoezi yote pamoja nanyi. Bandikeni tepu sakafuni, rangi moja kwa miguu yake na nyingine kwa wapiganaji. Na anayepigwa ndiye mwenye amri: akishatoa ishara ya macho kwamba yuko tayari, ndipo ngumi iondoke. Kichwa kigeuke ngumi inapokatiza, kisigeuke kabla.

Kwenye simu, fungeni fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Mkiacha 30 na 1/60 taa za tyubu na nyingi za LED zitapepesa, na hilo halitibiki vizuri baadaye. Lenzi pana sana inarahisisha kupita, ila inayakuza mapengo ya ngumi. Mwanga uwe hafifu wenye madoa ya giza, kama ule wa tamthilia, kwani giza ndilo linalowaficha wanaobadilishana.

Si lazima mbadala wenu afanane na mwigizaji sura, kitambaa kinafunika nusu ya uso. Afanane naye urefu, mabega, viatu na mikono. Viatu hasa. Watu wanaokagua picha kwa kuisimamisha huanzia miguuni.

Maikrowevu: msirushe nzima. Uzito wake mkubwa uko kwenye transfoma, na humo ndani kuna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi wa umeme pekee ndiye aifungue na kuitoa, pamoja na kioo cha mlango. La rahisi zaidi ni kutengeneza boksi la foamu na kulipaka rangi. Mlango wa kupasuka uwe wa plaiwudi ya milimita 3 iliyochanjwa kwa msumeno upande usioonekana, na nyuma yake magodoro mawili, si moja.

La mwisho kwenu: uchovu wa Matt umepangwa. Pale anapoegemea ukuta ni hatua ya pambano kama ngumi nyingine yoyote, na humpa mwigizaji nafasi halisi ya kupumua. Wekeni mapumziko ya namna hiyo mawili au matatu. Mkisubiri mchoke kweli ndipo ionekane kweli, mtaumizana, maana mguu uliochoka huchelewa na ngumi ya mwenzio haina habari. Mkishapiga mara tano au sita, simameni, mrudi kesho.

Shikamooni. Nasoma uuguzi mwaka wa pili. Claire anamchoma Matt sindano kifuani na anapata nafuu palepale. Darasani tumebishana sana. Inawezekana? – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, sista. Inawezekana, na kwa sehemu kubwa waandishi wamefanya kazi yao.

Ubavu uliovunjika unaweza kulitoboa pafu. Hewa inavuja kutoka kwenye pafu na kunaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kama tundu linafanya kazi kama vali ya njia moja, kila pumzi inaingiza hewa na haitoki. Shinikizo linapanda, pafu linasinyaa, kisha moyo na mishipa mikubwa vinasukumwa upande wa pili. Hapo kinachoua haraka ni damu kushindwa kurudi moyoni. Mgonjwa anahema kwa kasi, upande mmoja wa kifua hausikiki pumzi na ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma tupu, mishipa ya shingo inaweza kuvimba, presha inaporomoka. Koo kusogea upande ni dalili ya kuchelewa, usiisubiri.

Tiba ya dharura ni kuitoa hewa hiyo. Mahali pa jadi ni nafasi ya pili kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mfupa wa mtulinga. Tangu toleo la 10 la ATLS, mwongozo wa madaktari wa kutibu majeruhi, mwaka 2018, kwa watu wazima hupendekezwa nafasi ya nne au ya tano, pembeni, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kwa sababu hapo ukuta wa kifua mara nyingi ni mwembamba. Hutumika kanula (mrija wenye sindano ndani) nene, namba 14, na urefu wake ndio tatizo kubwa. Ya sentimita 5 mara nyingi haifiki ndani kwa mtu mzima mwenye misuli kama Matt, ndiyo maana inashauriwa ya sentimita 8. Hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu inapita chini ya kila ubavu. Ikifanikiwa, hewa hutoka, mara nyingine kwa sauti, na nafuu huja ndani ya dakika chache. Kwa hiyo Matt kuzinduka palepale si uongo.

Uongo uko baadaye. Sindano hununua muda tu. Kanula hujikunja, huziba kwa damu, huchomoka, na hewa hurudi palepale. Mgonjwa lazima awekewe mpira wa kifua, na huo hukaa siku kadhaa. Mtu mwenye pafu hilo, saa chache baadaye anabeba mtoto baada ya kupigana na genge zima! Tumeshamtetea Matt kwa uchovu wake, lakini hapa tunakubali kwamba tamthilia imejikopesha mwili usiokuwepo. Wenzako waliosema haiwezekani wana hoja, ila wameielekeza kwenye tukio lisilo lake.

Na kwa wasomaji wasio wauguzi: hili si la kujaribu nyumbani. Aliyeumia kifua akaanza kuhema kwa shida akimbizwe hospitali, akiwa ameketi au ameinuliwa kidogo kama anaweza.

Hell's Kitchen ni mtaa wa kweli? Jamaa yangu aliye New York anasema ni mtaa wa matajiri. – Msomaji, Bujumbura

Ni wa kweli, magharibi ya Manhattan, takriban kati ya barabara ya 34 na ya 59, kuelekea mto Hudson. Jamaa yako yuko sahihi, kodi za huko leo si za kina Matt. Sifa mbaya ya mtaa ni ya zamani, na miaka ya 1970 genge la Westies lilikuwa tishio pale. Tamthilia inajitetea kwa kusema kwamba vita vya Avengers na viumbe wa angani viliubomoa mji, mtaa ukashuka thamani, na wahalifu wakaingia kupitia kandarasi za ujenzi. Daredevil mwenyewe alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1964, mtaa ulipokuwa wa watu wa chini.

Mimi nafundisha ngumi vijana. Wameniuliza kuhusu yule mtoto anayemshona baba yake nyusi mezani, na kwa nini Jack asiuze tu pambano akaishi. Nisaidieni kuwajibu. – Kocha, Tanga

Kocha, asante kwa kuleta hili, kwa sababu jina lenyewe la sehemu hii linamhusu yule mtu wa kona anayezuia damu. Watu wengi wanaiona korido, wanamsahau Jack.

Vijana wako wajue kwanza kwamba hakuna anayeshona ulingoni. Kati ya raundi na raundi kuna dakika moja, na ukitoa sekunde za bondia kufika kwenye kiti na za kuinuka, mtu wa kona anabaki na kama sekunde 45. Anafuta damu kwa taulo safi, anaingiza kijiti cha pamba chenye adrenalini ya 1:1000 ndani ya jeraha, na anakandamiza bila kuachia. Kosa la wanaoanza ni kufungua kila mara kuchungulia kama damu imekata. Kila akichungulia anaanza upya. Mwishoni anapaka vaselini nene. Uvimbe chini ya jicho hutibiwa kwa chuma kilichokaa kwenye barafu: kinakandamizwa na kutulia, hakisuguliwi kusukuma uvimbe, maana kusugua hupasua mishipa midogo zaidi na jicho hufumba. Ile dawa ya zamani ya Monsel, yenye chembechembe za chuma, imepigwa marufuku kwa kuwa huunguza nyama. Vaselini kwenye nyusi na mashavuni hupakwa pia kabla ya pambano, ngumi iteleze. Nyusi huchanika kirahisi kwa sababu ngozi yake imelala juu ya mfupa mkali, na damu yake hushuka moja kwa moja jichoni. Pambano husimamishwa kwa sababu bondia haoni, hata kama nguvu anazo.

Mtoto kushona mezani baada ya funda la pombe kali ni picha ya umaskini na mapenzi. Kama tiba, isiigwe. Nyusi hushonwa na daktari, siku hiyohiyo, kwa uzi mwembamba wa saizi 5-0 au 6-0. Nyusi hazinyolewi, kwa sababu ndizo zinazomwonyesha daktari pa kuoanisha kingo. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hivi, na bondia asirudi kwenye mazoezi ya kupigana kabla ya wiki kadhaa, la sivyo patachanika palepale. Chanjo ya pepopunda isisahaulike.

Kuhusu kuuza pambano: Jack ameambiwa ajiangushe mbele ya Carl Creel, alipwe. Wote wanaojua siri wameweka fedha kwa Creel, kwa hiyo odi za Jack ziko juu. Vijana wa siku hizi wanaijua hesabu hii: mia moja kwa odi ya tano inarudisha mia tano. Jack anapiga simu, anaweka kila alichonacho juu yake mwenyewe, na anaelekeza ushindi uingie kwenye akaunti ya Matt. Kisha anashinda. Anajua fika kwamba waliolinunua pambano watapoteza fedha nyingi na watamtafuta usiku huohuo, na ndivyo inavyokuwa. Waambie vijana watazame mpangilio wake: fedha za mtoto kwanza, simu za kuaga, ndipo ulingo. Hakuingia kwa jazba.

Jack alikuwa amezoea kuuza. Alichotaka safari hii ni mwanawe asiyeona asikie umati ukilishangilia jina la baba yake walau mara moja. Ukimwuliza kwa nini hakuuza, jibu lake ni hilo, na kwa maoni yetu hakuna tukio katika msimu mzima linalolifikia. Wapenzi wa dunia ya Marvel, ambamo Daredevil yumo, watakumbuka kwamba Carl Creel anaonekana pia katika Agents of S.H.I.E.L.D., msimu wa pili, ambako ana uwezo wa kugeuza mwili wake kuwa kitu anachokigusa.

Matt anadondosha mtungi wa kuzimia moto juu ya kichwa cha mtu kutoka juu ya ngazi, kisha anamtupa mtu huyohuyo kutoka juu ya paa, na anasema yeye haui. Hesabu zinakubali? – Mwalimu wa fizikia, Mombasa

Mwalimu, tupige pamoja. Chukua mtungi wa kilo 7 na kimo cha mita 9, yaani kama ghorofa tatu. Unafika chini kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde, karibu kilomita 48 kwa saa, ukiwa na nishati ya jouli 620 hivi. Ukitua sawasawa utosini, mtu huyo amekufa. Anayetaka kuitetea tamthilia aseme ulimpata begani, au kimo kilikuwa cha ghorofa moja na nusu.

Kinachovutia zaidi ni muda. Mita 9 ni sekunde 1.35 za kuanguka. Mtu anayeshuka ngazi kwa mita moja kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya mita moja kabla mtungi haujafika. Kwa hiyo Matt halengi pale mtu alipo, analenga pale atakapokuwa, kwa kusikiliza mapigo ya viatu. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amemtambua mtu huyo, aliyejifanya mpelelezi wa polisi, akiwa bado ghorofa nyingine, kwa harufu ya sigara za Kirusi na manukato ya bei rahisi. Mtungi ni ushahidi wa masikio yake kuliko ubabe wake.

Paa: tuseme mita 15. Kasi ya kutua ni mita 17 kwa sekunde, kilomita 62 kwa saa. Akitua kwenye mifuko laini ya taka inayobonyea mita moja, mwili unapokea kama mara 15 ya uzito wake, na hapo mtu anaweza kupona, hasa akitua kwa mgongo. Mifuko ikibonyea sentimita 30 tu, ni mara 50, na humo ndani kunaweza kuwa na chupa. Kubaki hai akiwa hajitambui, kama ilivyokuwa, kunakubalika. Na ukitazama hadi sehemu ya 4 utaona kwamba uhai wa mtu huyo unamletea Claire balaa zito. Kanuni ya Matt ya kutoua ina gharama, na anayeilipa wakati mwingine ni mwingine.

Kabla ya kutupwa, kule juu ya paa, Claire anamwelekeza Matt mahali pa kumchoma mateka ili maumivu yawe makali. Anautaja mshipa wa fahamu unaobeba hisia za uso (trigeminal), na maelezo yake ya mwili ni ya kweli. Hilo ndilo lililotusumbua kuliko mtungi: nesi anatumia elimu ya kutuliza maumivu kuyazalisha, na uso wa mwigizaji Rosario Dawson unaonyesha kwamba Claire analijua hilo.

Mimi sioni tangu utotoni. Wadogo zangu huitazama ile iliyotafsiriwa, sauti ya msimuliaji inafunika kila kitu, nabaki kusikia yeye tu. Nataka kuifuata mwenyewe. Inawezekana? – Msomaji, Dodoma

Inawezekana, na wewe una haki na tamthilia hii kuliko wengi. Ilipotoka haikuwa na maelezo ya sauti, yaani sauti inayomweleza asiyeona kinachoonekana kwenye picha, jambo la aibu kwa kisa cha shujaa asiyeona. Wasioona wakalalamika, na tarehe 14 Aprili 2015, siku nne tu baadaye, Netflix ikatangaza kuanza maelezo ya sauti, Daredevil ikiwa ya kwanza. Charlie Cox naye alifundishwa na Joe Strechay, mshauri asiyeona, jinsi ya kushika fimbo na kujiendesha. Kumsikia mtu moyo unapiga ghorofa nyingine ni hadithi, lakini kuutambua ukuta kwa mwangwi wa ulimi ni kweli. Mmarekani Daniel Kish anafanya na kufundisha hivyo.

Usimulizi wa kwenye vibanda una wapenzi wake, nasi tunauheshimu, ila kwa sehemu hii unaua. Humu muziki umenyamazishwa kwa makusudi, na kisa kiko kwenye pumzi, sakafu, milango na kilio cha mtoto kwa mbali.

Anza kuicheza sehemu, fungua menyu ya sauti na manukuu, chagua mstari wenye maneno "Audio Description", si ule wa Kiingereza cha kawaida. Maelezo ni ya Kiingereza na husomwa katikati ya mazungumzo. Ukishaanza, punguza sauti ya TalkBack au VoiceOver, zile programu za kusoma skrini ya simu, ili isigombane nayo. Vaa spika za masikioni zote mbili, L kushoto na R kulia, usitumie spika ya simu, maana humo koridoni vyumba viko pande mbili na utataka kujua kishindo kimetoka upande gani. Pale Matt anapoingia chumbani na kamera kubaki nje, wadogo zako wenye macho hawaoni kitu. Wanasikiliza tu kama wewe.